Zizi la Wankuru Lisilimwe

Kitu cha kwanza nilichorudisha ofisini siku ya kustaafu ni mtungi wa gesi baridi wa kuhifadhia mbegu za madume. Cha pili ni bunduki. Mtunza stoo, mgeni kazini, alinitazama kama jambazi, ikabidi nimwonyeshe kwamba bunduki ya mhimilishaji ni kijifimbo cha chuma cha kupitishia mbegu kwenye kizazi cha ng'ombe. Kwa miaka yote niliyokaa mkoani Mara sijaua mtu kwa bunduki hiyo. Ng'ombe mmoja wa Manchira nusura aniue mimi, lakini hayo nitayafikia.

Ninyi wenzangu mliobaki na mitungi mmeniomba niandike niliyojifunza. Ya vyeo siandiki, kwa sababu yako kwenye faili, na faili lenyewe ni jembamba. Nitaandika ya mkono, ya mrija, na ya kosa moja nililolifanya Nyarero nikiwa tayari nina mvi, wakati mtu hutarajiwa awe amemaliza kufanya makosa ya aina ile.

Nilitoka Njombe nikiwa msichana mwenye cheti kipya na koti zito. Koti lilinifaa siku mbili. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mugumu, chini ya Mzee Haule, mhimilishaji wa zamani kutoka Songea aliyekuwa amekaa Serengeti mpaka Waikoma, wenyeji wa huko, wakasahau kwamba ni mgeni. Alikuwa mfupi, mkono wake wa kushoto umejaa misuli kuliko wa kulia, na hakupenda maneno. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mfugaji mmoja karibu na bwawa la Manchira. Nikatoa fomu, nikauliza kwa sauti ya kiserikali, "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Mzee akageuka akatazama bwawa. Mkewe akaingia ndani. Mzee Haule akakohoa, akasema, "Huyu binti bado ana usingizi wa safari." Kisha akauliza habari za ng'ombe mweusi mwenye pembe iliyovunjika, kama maziwa yamerudi, na mzee akageuka tena, mazungumzo yakaanza.

Njiani Mzee Haule alinieleza. Kwa wafugaji wa huku, ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo. Kumhesabu ni kumwita fisi. Mwenye zizi husimama mlangoni jioni, akatazama wanavyoingia, akasema, "Yule mwenye baka jeupe hayupo." Anawajua kwa sura, kwa mwendo, kwa mama zao na bibi zao. "Sasa fomu nijazeje?" nikauliza. "Tazama," akasema, "halafu jaza ukifika nyumbani." Kwa miaka yangu yote nimejaza safu ile ya idadi nikiwa mezani kwangu, mlango umefungwa, kama mwizi.

Siku ile ile ndipo ng'ombe wa Manchira aliponipiga teke la paja, nikaanguka kwenye mavi, bunduki ikaruka, mrija ukapotea kwenye majani. Wanawake waliokuwa wanachota maji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Haule hakucheka. Aliniuliza, "Ulimsalimia?" Nikadhani ananitania, kumbe anauliza kweli. Mtu anayekuja nyuma ya ng'ombe bila kumgusa ubavuni kwanza amekosa adabu, na adabu hiyo ng'ombe huifundisha mwenyewe kwa kwato.

Yeye ndiye aliyenifundisha mkono. Unavaa glavu ndefu mpaka begani, unaingiza mkono wa kushoto, unatafuta mlango wa kizazi kwa vidole huku macho yako yakitazama mbali, kwa sababu macho hayana kazi pale. Alinifundisha kuyeyusha mrija wa mbegu iliyogandishwa kwenye maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai, si kwenye kwapa kama wavivu. Alinifundisha kwamba ng'ombe aliyeonyesha joto, yaani hamu ya dume, asubuhi anahimilishwa jioni, na wa jioni anahimilishwa asubuhi, na kwamba mwenye ng'ombe anapokuambia "ameanza leo" umuulize pia mtoto wake, maana mtoto ndiye aliyekuwa malishoni.

Alipostaafu mimi nilihamishiwa Tarime, na huko nilikaa hadi mwisho. Kata ya Nyarero ndiyo niliyoizunguka kwa pikipiki kuliko nyingine yoyote. Wakurya walinipokea kwa mashaka mawili: kwanza mwanamke anapandisha ng'ombe, pili hana dume. La kwanza walilizoea. La pili ndilo lililoniletea matatizo.

Miaka ya karibuni ikaja mbegu iliyochaguliwa jinsia. Tuliitwa semina, na mkufunzi akatuonyesha kwenye skrini jinsi inavyofanyika. Nitawaeleza nilivyoelewa, wenye elimu zaidi mtanisamehe. Kila chembe ya mbegu ya dume hubeba ama kromosomu itakayozaa jike, ama ile itakayozaa dume. Ya jike ni kubwa kidogo tu kuliko ya dume. Chembe hutiwa rangi inayong'aa, zikapitishwa moja moja kwenye kijito chembamba mno mbele ya mwanga mkali. Yenye kromosomu kubwa hung'aa zaidi kidogo. Kompyuta huupima mng'ao, huamua hii ni ya jike au ya dume, na kuitenga upande wake, yote hayo kabla chembe inayofuata haijafika. Maelfu kwa sekunde moja. Nilikuwa nimetumia miaka na mkono wangu gizani ndani ya ng'ombe, na hapa palikuwa na mashine inayopima kitu ambacho hata darubini yangu haikioni. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Mkufunzi alionyesha pia mchoro wenye vilima viwili vilivyokaribiana sana, kimoja cha majike, kimoja cha madume, miguu yao imepandana bondeni. Akasema, "Chembe zinazoangukia hapa bondeni, kompyuta haina uhakika nazo. Inazitupa." Akasema zinazotupwa ni nyingi. Hata hivyo, katika ndama kumi, kama tisa ndio watakuwa majike. Niliandika hayo kwenye daftari, nikafunga daftari. Nilichotoka nacho kichwani ni ule wepesi, maelfu kwa sekunde.

Basi nikarudi Nyarero na mirija ya rangi ya waridi, nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikahutubia. Nadhani nilizungumza saa nzima. Nilieleza mwanga, nikaeleza rangi, nikaeleza kompyuta. Na mwisho nikasema neno ambalo ningelipa kulirudisha: "Kompyuta haikosei. Nikiweka mrija huu, mnazaa mtamba."

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa Mama Wankuru, mjane wa makamo ya mama yangu, mwembamba, mwenye tabia ya kukutazama mdomoni unapozungumza. Zizi lake lilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara anayeitwa Sukari, na Sukari alikuwa amezeeka. Ndama wake watatu wa mwisho walikuwa madume. Shemeji yake, Mzee Marwa, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa amemwambia waziwazi: Sukari akichoka, atahamia kwenye zizi kubwa la Marwa, na zizi la Wankuru litalimwa. Hakuwa na ubaya katika hilo, ndivyo inavyofanyika. Zizi lisilo na ng'ombe lina samadi ya miaka, na mahindi yake huota kama msitu. Lakini zizi likishalimwa, nyumba ile haihesabiki tena kuwa mji unaojitegemea. Mjane anakuwa mtu wa kuomba maziwa kwa shemeji.

"Daktari," aliniambia baada ya mkutano, "mimi nataka mtamba mmoja tu. Zizi langu lisilimwe nikiwa hai."

"Umepata, mama," nikamjibu, huku nikifunga helmeti.

Sukari alionyesha joto asubuhi moja, nikafika jioni kama nilivyofundishwa. Nilimsalimia ubavuni. Nilipima maji ya chupa. Mkono wangu siku hiyo ulikuwa na akili, mrija ulikaa mahali pake kabisa. Mbegu ilikuwa ya Frisia, ng'ombe wa maziwa weusi na weupe, na nilimwonyesha Mama Wankuru picha ya dume kwenye simu. Akaitazama sana. Akatazama na mrija uliobaki mtupu mkononi mwangu. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha akaufunga. Mimi nilikuwa na ng'ombe mwingine upande wa Sirari, nikawasha pikipiki.

Mimba ilishika. Miezi tisa nilipita pale kila nilipoweza, nikipapasa tumbo kama mkunga. Kijiji kizima kilijua siku inakaribia, kwa sababu mimi ndiye niliyewatangazia. Simu ilipopigwa asubuhi kwamba Sukari amezaa, nilikwenda nikiwa nimevaa koti jipya jeupe, nikijua watu watakuwepo.

Walikuwepo. Wamejaa zizini na nje ya zizi. Mzee Marwa alikuwa amesimama katikati na fimbo yake, mtu mrefu, mcheshi, asiyejua kuongea kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, daktari. Karibu umwone mtamba wako. Ana korodani."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akasema, "Kompyuta imelewa gongo!" Kicheko kikarudi upya. Mama Wankuru alikuwa ameinama anampangusa ndama kwa majani makavu, hakuinua uso.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kufikiria maneno ya tisa katika kumi, yale niliyoyafungia kwenye daftari, nikajua kuyasema sasa ni kama kutafuta mwavuli ukiwa umeshalowa. Nikapiga magoti kumkagua ndama, angalau mikono ipate kazi. Na hapo ndipo nilipoona.

Ndama alikuwa mwekundu. Shingoni ana ngozi inayoning'inia, mabegani pana uvimbe mdogo ambao ungekuwa nundu. Na kifuani, kati ya miguu ya mbele, baka jeupe lenye umbo la jani. Hakuwa na tone la Frisia. Baka lile nilikuwa nimeliona mara mia, kila nilipopita kwa Mzee Marwa: ni la dume lake, dume kubwa la kienyeji lililotoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambalo kwa sababu hiyo waliliita Mkenya.

Nilichokijua pale chini kilikuwa rahisi. Nikisimama nikasema, kompyuta inatoka safi, na mimi natoka safi. Lakini Mama Wankuru angebaki mbele ya ukoo mzima kama mwanamke aliyemwita daktari mchana na kumwita dume usiku. Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa imeacha kupangusa. Nawaambia ukweli wenzangu, nilitamani kusema. Nilikuwa nimedhihakiwa mbele ya watu nikiwa na haki, na ulimi uliniwasha. Nikasimama, nikasema tu, "Ni mzima. Anyonye mapema."

Lakini nilikuwa nimesahau niko wapi. Mzee Marwa alikuwa ameacha kucheka. Alisogea, akainama, akamtazama ndama kwa namna ile ya mtu anayesimama mlangoni mwa zizi jioni. Hakuhitaji kompyuta wala mwanga.

"Mura," akamwambia yule kijana wa gongo, "tazama hapa kifuani."

Kijana akatazama. Watu wakaanza kusogea mmoja mmoja, na kicheko kikafa.

"Huyu ni wa Mkenya," Mzee Marwa akasema. "Huyu ni wa kwangu kabisa. Shemeji, imekuwaje?"

Mama Wankuru akasimama. Nilidhani atakana. Akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ni mimi. Daktari alipoondoka jioni ile, nilifungua mlango wa boma, Mkenya akaingia."

"Kwa nini, mama?" nikauliza.

"Ule mrija wako ni mwembamba kama kijiti cha ufagio. Na mimi nina ng'ombe mmoja tu, naye amezeeka. Nikasema, mkono mmoja haulei mwana. Wako uwepo, na wa Mkenya umalizie."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko, na Mzee Marwa akamkata jicho.

"Si ungeniuliza kama inafaa?" nikamwambia.

"Nilitaka kuuliza," akasema. "Ulisema kompyuta haikosei. Mtu anayesema hivyo anaulizwa nini?"

Saa nzima nilihubiri kuhusu mwanga na chembe, na sikutamka maneno mawili ambayo mfugaji alihitaji kuyasikia: fungia dume. Nilidhani kila mtu anajua. Kwa mtu aliyekuzwa na ng'ombe, kupitisha dume baada ya daktari ni busara, ni kama kufunga mzigo kwa kamba mbili. Angejuaje kwamba kamba ya pili inafungua ya kwanza?

Watu walipotawanyika tulibaki watatu. Mzee Marwa alisema mvua zijazo atakuja na jembe, ila hakulisema kwa kelele zake za kawaida. Mama Wankuru akaniuliza kama Sukari anaweza kubeba tena. Nikasema huenda mara moja, si zaidi.

"Na safari hii atazaa jike?"

Nikaanza kumweleza ile tisa katika kumi. Akanikunjia uso. Ng'ombe kumi? Ng'ombe gani kumi? Nikakumbuka fomu ya Manchira, nikaacha. Nikamweleza basi kuhusu vilima viwili na bonde lake. Kwamba mashine yenyewe, na wepesi wake wote, ikifika kwenye chembe isiyo na uhakika nayo, haibahatishi, inaitupa. Na hata baada ya kutupa, mara moja moja dume hupenya.

Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Nina matumaini makubwa, mama. Lakini sijui."

"Basi ungesema hivyo tangu mkutanoni. Mtu anayesema sijui, ninamwamini. Ningefunga mlango."

Nimehudhuria semina nyingi, na vyeti vyake viko kabatini. Hakuna iliyonifundisha kama maneno yale, na nilifundishwa nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe, pale pale kazi yangu ilipoanzia. Mashine ilikuwa na adabu ya kutupa isichokijua, mimi nilikuwa nimekosa.

Sukari hakushika mara ya kwanza. Mbegu iliyochaguliwa huwa imechoka kwa safari ya kupimwa, na chembe zake kwenye mrija ni chache, kwa hiyo saa ya kuhimilisha lazima ilengwe vizuri kuliko kawaida. Hakushika mara ya pili pia. Mvua zilikuja, Mzee Marwa akaja na jembe begani, akalitazama zizi, akasema udongo bado haujalowa vya kutosha. Ulikuwa umelowa mpaka ndama anateleza. Akarudi nalo nyumbani.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wangu wa mwisho kazini. Ulikuwa mrija wa waridi wa mwisho kwenye mtungi wangu. Mama Wankuru alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, nikafika jioni. Nilimuuliza yote niliyopaswa kumuuliza tangu mwanzo: nani analala karibu, mlango unafungwa na nini, Mkenya yuko wapi. Nilimuuliza pia ana hofu gani, akanitajia tatu, nikajibu mbili, na ya tatu nikasema sijui. Tulifunga mlango kwa mnyororo pamoja.

Nikastaafu. Nikarudi Mugumu, ambako nimejenga, na nikaanza kujifunza kuamka bila simu. Ghati, binti mwenye akili aliyechukua eneo langu, alinitumia ujumbe kwamba mimba imeshika. Baada ya hapo nikawa kama mjinga, nikihesabu wiki kwenye kalenda ya ukutani. Wiki zinaruhusiwa kuhesabiwa.

Simu ikaja. "Daktari, Sukari amezaa," Mama Wankuru akasema.

"Amezaa nini?"

"Njoo utazame," akasema, akakata.

Kutoka Mugumu hadi Nyarero si karibu, na nilisafiri njia yote nikimlaumu na kumwombea. Nilipofika zizi lilikuwa kimya, hakuna umati safari hii. Mama Wankuru alikuwa mlangoni, Mzee Marwa ameegemea nguzo na fimbo yake. Yule ndama dume mwekundu wa kwanza, sasa amenenepa, alikuwa amefungwa nje anacheua. Nikaamkia, wakaitikia. Walinipisha nipite.

Nilimgusa Sukari ubavuni. Ndama alikuwa mweusi na mweupe, amelala kwenye majani. Nikapiga magoti, nikainua mkia. Nikatazama, halafu nikatazama tena kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa mtamba.

Mama Wankuru alikaa chini pale pale zizini, akaweka kiganja chake juu ya samadi, akakiacha hapo. Mzee Marwa ndiye aliyezungumza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akitumia sauti ndogo.

"Daktari, yule wangu mwenye pembe za nje amenionyesha joto tangu asubuhi. Ghati anakuja jioni. Mrija wa waridi, atazaa jike?"

"Sijui, mzee wangu," nikamwambia.

Akaniangalia, akamwangalia ndama, akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akachukua ule mnyororo uliokuwa unaning'inia kwenye mlango wa shemeji yake, akaukunja mkononi.

"Naazima huu," akasema. "Mkenya nitamfunga mwenyewe."